Wimbo wa Mpagazi na Heshima ya Mtu wa Kazi

Swali la namna mtu anayeishi kwa kazi ya mikono, asiyeacha nyuma yake jengo wala kitabu, anavyoweza kupewa heshima inayomstahili ni la kale katika falsafa na katika dini, na majibu yake mengi yametolewa na watu ambao wenyewe hawakuwahi kujitwisha mzigo. Aristotle, katika kitabu chake juu ya siasa, aliona kwamba anayetumikisha mwili wake kwa ujira hawezi kuufikia ubora wa raia kamili, kwa sababu ubora huo unataka wasaa, na wasaa wa wachache ulipatikana kwa jasho la wengi. Katika karne ya 20 Hannah Arendt, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu hali ya mwanadamu, alitenganisha kazi ya kutafuta riziki, ambayo matunda yake huliwa yakaisha mara tu yanapopatikana, na tendo ambalo hudumu kwa kuwa watu huliona, hulikumbuka na kulisimulia. Ukipimwa kwa kipimo hicho, mfano ulio dhahiri kuliko yote wa mfanyakazi asiyeacha alama ni mpagazi, yaani mtu aliyebeba mizigo ya msafara kwa bega au kwa kichwa katika Afrika Mashariki ya karne ya 19: mzigo wake ukifika huingia mikononi mwa mwingine, njia aliyoikanyaga huota majani masika yanayofuata, naye hurejea kwao akiwa hana cha kuonyesha isipokuwa ujira wake na makovu ya mabega.

Hata hivyo wapagazi hao waliimba, na kuimba kwao kunalijibu swali hilo vizuri zaidi kuliko wanafalsafa waliotajwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wimbo wa kazi haumheshimu mfanyakazi kwa kuisifu kazi yake, kwa maana sifa hizo kila bwana anaweza kuzitoa bila gharama, bali humheshimu kwa kumfanya yeye mwenyewe kuwa msemaji wa maisha yake, mbele ya wenzake, mbele ya anayemlipa na mbele ya Mungu.

Njia ya kati ya misafara ilianzia Bagamoyo na vituo jirani vya Mrima, ikapita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ambako wenye misafara walitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita uliolipwa kwa watemi kwa nguo, shanga na waya, kisha ikaingia nyika kavu ya Mgunda Mkali kabla ya kufika Unyanyembe, utemi wa Wanyamwezi ambao ndani yake mji wa Tabora, uliojulikana pia kwa jina la Kazeh, ulikua na kuwa kitovu cha biashara ya bara kuanzia katikati ya karne hiyo. Kutoka Tabora njia iligawanyika, moja ikaenda Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua kwa kawaida miezi miwili au mitatu, na mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi (frasila ni kipimo cha pwani chenye uzito wa takriban kilo 16), ukiacha mkeka, chungu na chakula chake mwenyewe. Kwenda bara alibeba majora ya merikani na kaniki, shanga na waya wa shaba. Kurudi pwani alibeba pembe za ndovu.

Mwanahistoria Stephen Rockel, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 2006, ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa watumwa, kama ilivyodhaniwa kwa muda mrefu, bali watu huru waliojiajiri kwa msimu, waliopatana ujira, waliodai posho, yaani mgawo wa chakula cha kila siku, na waliogoma au kuutelekeza msafara pale mapatano yalipovunjwa. Waliondoka baada ya mavuno, kiangazi kilipoanza, na wengi walijitahidi kurudi kabla ya mvua ili wawahi kulima. Wake zao wengine walifuatana nao wakiwa na vyungu vyao, wakapika na kutunza kambi, na historia iliyoandikwa imewatendea wanawake hao vibaya kwa kuwataja mara chache mno. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh mwishoni mwa mwaka 1857, aliandika kwamba kwa Wanyamwezi upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume, na kijana ambaye hajaiona bahari hakuhesabiwa kuwa mtu mzima sawasawa. Kwa hiyo, kabla hata ya kuutazama wimbo, ni lazima ieleweke kwamba aliyeimba hakujiona mnyonge: aliichukulia kazi yake kuwa ustadi uliorithiwa, wenye kanuni zake na fahari yake.

Wataalamu wa fasihi simulizi huziita nyimbo za kazi hodiya, na katika kundi hilo huziweka wawe, yaani nyimbo za wakulima, na kimai, yaani nyimbo za mabaharia. Nyimbo za wapagazi zilikuwa na umbo linalofahamika katika jamii nyingi za Kiafrika: mmoja hutoa sauti, wengi huitikia. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, yaani mtangulizi na kiongozi wa njia, aliyevaa nguo nyekundu na kilemba cha manyoya au ngozi ya mnyama, na ambaye baragumu lilipolia ndiye aliyeanza hatua ya kwanza, wala hakuna aliyeruhusiwa kumtangulia. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, waliohesabiwa kuwa wakuu wa wapagazi, na Burton anaeleza kwamba kila mmoja wao alifunga kengele kubwa ya ng'ombe kwenye ncha ya pembe aliyoibeba, ili mlio wake uandamane na mwendo. Msururu uliweza kuwa mrefu kiasi kwamba wa mwisho hawakumwona wa kwanza, na katika vichaka vya Mgunda Mkali kilichowaunganisha kilikuwa sauti: kengele, baragumu, ngoma, mwito wa mbele na kiitikio kilichosafiri kutoka kinywa hadi kinywa mpaka kikafika mkiani. Aliyechoka nyuma alijua kwamba hajaachwa kwa sababu bado aliisikia zamu yake ya kuitikia ikija.

Inafaa kuitazama pembe hiyo mpaka mwisho wa safari yake. Sehemu kubwa ya pembe zilizofika Bagamoyo zilivushwa hadi Unguja, na kutoka huko shehena nyingi zilipelekwa Marekani, katika miji midogo ya Deep River na Ivoryton katika jimbo la Connecticut, ambako zilikatwa kuwa vipande vyembamba vya kufunikia vibao vya piano. Pembe iliyotoka Tabora ikisindikizwa na kengele na kiitikio ilimalizikia ndani ya chombo kingine cha muziki, katika sebule za watu waliojifunza nyimbo bila kujua kwamba kitu walichokigusa kwa vidole kiliwahi kuimbiwa na watu wengine waliokibeba kwa mabega. Muziki wa sebule ulihifadhiwa kwa nota, majina ya watunzi yakachapishwa, na nyimbo za njiani zikabaki katika kumbukumbu ya walioziimba. Tofauti hiyo haikusababishwa na ubora wa muziki wenyewe. Ilitokana na nani alikuwa na karatasi.

Kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Inaweza kusemwa kwamba wimbo wa kazi, hata ukiwa mzuri kiasi gani, ulimnufaisha mwenye msafara kuliko mwimbaji, kwa kuwa mapigo yake yaliharakisha miguu na kusahaulisha uchovu, na mtu aliyesahau uchovu wake ni rahisi kunyonywa. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, na yeyote anayeandika juu ya nyimbo za kazi kwa furaha tupu amelikwepa. Lakini linaporomoka linapokutana na maudhui ya nyimbo zenyewe. Burton mwenyewe aliandika kwamba wapagazi wake walimtunga katika nyimbo zao kama mzungu mbaya, akiwa anatembea nao katika msafara uleule, na nyimbo zilizotoa malalamiko ya chakula kidogo, ya bwana bahili na ya kiu zilikuwa za kawaida njiani. Neno ambalo mpagazi mmoja asingethubutu kumwambia mnyampara, yaani msimamizi wa wapagazi, ana kwa ana, liliimbwa na watu mia kwa pamoja, na sauti ya watu mia haina mtu wa kukamatwa. Wimbo uliokuwa ukiuendesha mwendo ndio huohuo uliokuwa ukiyatangaza mashtaka, na mwenye msafara hakuweza kuupata wa kwanza bila kuusikia wa pili.

Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu ambao hawakuwa na mapatano wala ujira, na heshima ya mpagazi huru isizungumzwe kana kwamba wao hawakuwapo. Mwaka 1868, katika nchi iliyo kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika, mmisionari na mpelelezi David Livingstone aliwaona watumwa sita wakiimba huku wamefungwa mikongwa, yaani miti yenye panda inayobana shingo, akashangaa wanafurahia nini. Alipouliza aliambiwa kwamba wanaimba juu ya siku watakapokufa, ambapo watarudi, wakiwa hawana tena mti shingoni, kuwaandama na kuwaua waliowauza. Na kiitikio cha wimbo kilikuwa majina ya wauzaji hao, yakitajwa moja baada ya jingine. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo swali la dini juu ya haki limeulizwa kwa uwazi kama huu. Watu hao walikuwa wamenyang'anywa kila kitu ambacho sheria za dunia zingeweza kukitambua, hata haki ya kushtaki, na wakaunda mahakama kwa sauti zao, wakamweka shahidi kuwa marehemu na hukumu kuwa ng'ambo ya kifo.

Imani iliyoubeba wimbo huo haikuwa ngeni magharibi ya Tanzania. Wanyamwezi walimjua Mungu Muumba kwa majina kama Likube na Limatunda, lakini katika shida za kila siku waliwaelekea zaidi mizimu, yaani roho za wahenga, ambao walihesabiwa kuwa bado ni sehemu ya ukoo, wanaokumbuka wema na wanaodai deni. Katika fikra ya namna hii mtu hafutiki kwa kufa, na aliyemdhulumu hawezi kujificha katika ukweli kwamba hakuna aliyebaki kumlaumu. Dini mbili zilizokuja Tabora kwa njia hiyohiyo ya misafara, Uislamu pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, na Ukristo pamoja na wamisionari, wakiwamo Mapadre Weupe walioweka kituo chao Kipalapala, zilikuja na mafundisho yanayokutana na wimbo huo mahali pamoja. Hadithi ya Mtume inaagiza kwamba mfanyakazi alipwe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na waraka wa Yakobo, katika sura ya tano, unasema kwamba ujira waliozuiliwa wavunaji unapiga kelele na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Katika mafundisho hayo kazi haitukuzwi kwa maneno matamu. Linalotajwa ni deni, na linaloahidiwa ni kwamba yuko anayesikia. Mpagazi aliyeimba juu ya posho iliyopunjwa alikuwa akisema jambo la kidini hata kama hakulitaja jina la Mungu.

Hapa ndipo mawazo ya Simone Weil, mwanafalsafa Mfaransa aliyeacha ualimu akafanya kazi katika viwanda vya Paris miaka ya 1934 na 1935, yanapokuwa karibu zaidi na njia ya Tabora kuliko ya Aristotle au ya Arendt. Weil alishikilia kwamba mfanyakazi anahitaji ushairi katika maisha yake kama anavyohitaji mkate, na kwamba chemchemi ya ushairi huo ni Mungu peke yake. Alilokosea, kama kuna alilokosea, ni kuuona ushairi kama kitu ambacho mfanyakazi amekosa na anapaswa kupelekewa. Wapagazi hawakupelekewa. Waliutunga wenyewe, mzigo ukiwa begani.

Jambo hili halikuwa la Unyamwezi peke yake. Katika jimbo la Alentejo, kusini mwa Ureno, vibarua wa mashamba makubwa ya ngano walikuwa na uimbaji wao unaoitwa cante, usiotumia ala yoyote, ambamo mmoja huanzisha, wa pili hudaka, kisha kundi zima huingia kwa sauti nzito za pamoja, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Kwa mtindo huo mwanamuziki José Afonso alitunga wimbo wa kuutukuza mji mdogo wa Grândola, baada ya kuguswa na chama cha muziki cha wafanyakazi wa hapo, na baada ya usiku wa manane wa tarehe 25 Aprili 1974 wimbo huo ulipigwa redioni Lisbon kuwa ishara kwa wanajeshi walioiangusha serikali ya kidikteta. Tukio hilo liliigusa Tanzania moja kwa moja, kwa kuwa serikali iliyoanguka ndiyo iliyokuwa ikipigana na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kilichokuwa na kambi Kongwa, katika nchi ya Wagogo, si mbali na Mpwapwa ya misafara. Na Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Vibarua wa Alentejo na wapiganaji wa Kongwa hawakujuana, lakini waliokuwa wakiwakandamiza walikuwa walewale.

Ikiwa heshima ya kweli ni kuwa msemaji, basi heshima nyingi zilizotolewa kutoka juu zinapaswa kupimwa upya. Mwili wa Livingstone, aliyefariki kijijini kwa Chitambo mapema Mei 1873, ulibebwa kwa miezi kadhaa na kundi la watumishi wake Susi na Chuma na wenzao, wakiwamo wanawake, hadi Bagamoyo mwezi Februari 1874. Walipofika Unyanyembe, ofisa Mwingereza Verney Lovett Cameron aliwashauri wamzike hapohapo, nao walikataa, wakaendelea na safari kwa uamuzi wao wenyewe. Bamba lililo juu ya kaburi lake katika kanisa la Westminster Abbey, London, linasema kwamba aliletwa na mikono ya watu waaminifu. Linataja mikono, halitaji majina. Kweli Jumuiya ya Kijiografia ya Kifalme iliwatolea medali 60, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini waliofanya uamuzi mgumu pale Unyanyembe hawakuachiwa nafasi ya kueleza katika jiwe kwa nini waliufanya. Vivyo hivyo sanamu ya Askari iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1927 inamwonyesha mwanajeshi mmoja na bunduki yake, ingawa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyofika Tabora mwezi Septemba 1916 kwa majeshi ya Wabelgiji, wabeba mizigo waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu walikuwa makumi ya maelfu.

Hata heshima zenye nia njema zina kasoro hii. Julius Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia mwaka 1937 na kufundisha St. Mary's hapohapo hadi mwaka 1949, aliandika mwaka 1962 kwamba katika jamii ya asili ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi, na aliliamini jambo hilo kwa dhati. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kwaya na ngonjera, yaani mashairi ya majibizano yaliyoenezwa hasa na Mathias Mnyampala, ziliisifu kazi ya mkulima katika kila shule. Mengi ya maneno hayo yalikuwa mazuri. Hata hivyo, wimbo unaomhimiza mkulima alime zaidi hauna hadhi sawa na wimbo alioutunga mkulima akieleza kulima kulivyo, kwa sababu katika wa kwanza yeye ni msikilizaji wa habari zake mwenyewe.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na upagazi wa njia ndefu ukafikia mwisho wake, lakini umbo la nyimbo halikufa. Lilikuwa tayari shambani, katika vikundi vya kulima kwa zamu vya Wanyamwezi na Wasukuma, ambako mpaka leo ngoma ya bugobogobo huchezwa kwa majembe yanayorushwa na kudakwa, na ambako makundi ya Bagika na Bagalu hushindana kwa utunzi. Mtafiti wa muziki Frank Gunderson alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Kisukuma na kuzichapisha mwaka 2010, akiwataja waimbaji waliomwimbia, na kwa kufanya hivyo aliwatendea jambo ambalo bamba la Westminster halikuwatendea waliombeba Livingstone. Umebaki pia utani, yaani uhusiano wa kutaniana baina ya makabila, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo ambao wengi huuhusisha na enzi za misafara, na ambao humpa mtani wajibu wa kushughulika katika mazishi ya mwenzake. Pengine ulianza kwa sababu mpagazi aliyefia ugenini alihitaji mtu wa kumzika na kulitaja jina lake.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii ya kati katika orodha yake ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, na vilivyoorodheshwa ni vituo: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tembe la Kwihara, alimokaa Livingstone, linatunzwa kama makumbusho, na linastahili kutunzwa. Walimu wa Kiswahili na wa historia wa Urambo, Sikonge, Nzega na Tabora mjini wanaweza kulikamilisha pendekezo hilo bila kungoja fedha kutoka popote, kwa kuwatuma wanafunzi wao kwa wazee wakaandike nyimbo za kazi zinazokumbukwa, na kando ya kila wimbo waandike jina kamili la aliyeuimba na la aliyemfundisha.